Kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta: mwongozo wa anayeanza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Ninunue rangi zipi? Mbona uso umetoka kijivu? Mbona picha ina wiki tatu na bado inanata? Mbona macho ni yake, pua ni yake, lakini sura si yake? Hapa nayajibu kwa pamoja, kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe tangu ubao mtupu hadi vanishi. Mfano wangu ni mtu mzima mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde. Hizo ndizo nyuso tunazoishi nazo, na mafunzo mengi ya mtandaoni huanzia kwenye ngozi nyeupe yenye wekundu, kisha mwanafunzi wa Mwanza au Mombasa huachwa ajitafutie.

Kabla ya yote shika jambo hili: sura ya mtu inakaa kwenye mwanga na giza, rangi inafuata baadaye. Mchoraji wa Marekani Amy Sherald huchora ngozi ya watu weusi kwa kijivu, na ndivyo alivyomchora Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa Washington mwaka 2018. Usoni hakuna kahawia, na bado unamwona mtu aliye hai. Mwanga na giza vikikaa mahali pake, kosa dogo la rangi halitaharibu kitu. Visipokaa, utabadilisha kahawia mchana kutwa bila faida.

Vitu vya kuwa navyo

Rangi kwanza. Ukiomba rangi ya mafuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi utapewa ile ya kung'aa ya milango na madirisha. Wachoraji wa Tingatinga wameijengea sanaa nzima juu ya hadibodi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na inaifaa kazi yao. Kwa sura halisi haifai, kwa sababu huwahi kushika kabla hujamaliza kuoanisha mwanga na kivuli. Unachohitaji ni rangi za wasanii, za tyubu, zilizosagwa kwa mafuta ya kitani. Majina hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo soma namba ya rangi iliyochapwa kwenye tyubu:

- nyeupe ya titaniamu, PW6 (nunua tyubu kubwa, ndiyo inayoisha kwanza)
- oka ya njano, PY43 au PY42
- siena ya kuchoma (kahawia yenye wekundu), PBr7 au PR101
- amba ya kuchoma, yaani kahawia iliyokolea, PBr7 (namba inaweza kulingana na ya siena, kwa hiyo soma na jina)
- bluu ya ultramarini, PB29
- nyekundu ya kadmiamu, PR108
- alizarini ya kudumu (nyekundu iliyokolea), mara nyingi PR177. Alizarini ya zamani, PR83, hupauka ikikaa kwenye mwanga, usiinunue.

Nyeusi iache kwa sasa. Ultramarini na amba vikichanganywa hutoa giza zito ambalo unaweza kulisogeza upande wa joto (wekundu na njano) au wa baridi (ubuluu) upendavyo. Na kama mfuko hauruhusu tyubu saba, usikate tamaa: Anders Zorn wa Sweden alijulikana kwa kuchora nyuso kwa rangi nne tu, yaani nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi. Ukianza na hizo, hapo nyeusi itashika nafasi ya bluu.

Brashi nne zinatosha: namba 2, 4, 8 na moja pana ya 12. Zile ngumu za asili hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Asiyetaka kuzigusa achukue za sintetiki, zipo na zinafanya kazi vizuri. Ongeza kisu cha kuchanganyia rangi, paleti (kipande cha kioo kilichowekewa karatasi ya kijivu chini yake kinashinda paleti nyingi za dukani), matambara ya pamba, chupa mbili za kioo zenye mifuniko, mafuta ya kitani ambayo dukani huitwa linsidi, na tapentaini au white spirit kidogo ya kuzimulia rangi.

Pa kuchorea, anza na hadibodi ya sentimita 40 kwa 50. Ni rahisi, haitikisiki chini ya brashi, na ukiharibu haikuumi sana. Kitambaa cha amerikani kilichovutwa kwenye fremu kitakuja baadaye.

Tahadhari ambazo hazina mjadala

Tambara lenye mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa kwenye kapu, linaweza kuwaka moto lenyewe. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na ndani ya tambara lililokunjwa joto halina pa kutokea. Litandaze nje likauke, au lizamishe kwenye maji kabla ya kulitupa.

Petroli usiitumie kabisa, si kuzimulia rangi wala kusafishia brashi. Mafuta ya taa huacha unto unaochelewesha rangi kukauka, na tina ya rangi za magari ni kali mno kwa mapafu yako. Mafuta ya kupikia hayakauki inavyotakiwa, kwa hiyo yasiingie kwenye rangi hata tone moja. Fungua madirisha, usile wakati mikono ina rangi, na usipige msasa picha yenye kadmiamu, kwa sababu vumbi lake ni sumu.

Kazi yenyewe

1. Andaa ubao. Piga msasa upande laini wa hadibodi, futa vumbi, paka jeso (rangi nyeupe ya msingi inayotangulia rangi za mafuta) mara mbili au tatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Kitambaa kisichopakwa jeso kikinywa mafuta ya kitani huoza taratibu, kwa hiyo hatua hii hairukwi. Rangi ya maji ya ukutani badala ya jeso nairuhusu kwa mazoezi, siiruhusu kwa picha ya mteja. Jeso ikikauka, zimua amba kwa white spirit, paka ubao mzima, kisha futa kwa tambara mpaka ubaki kahawia ya wastani. Juu ya ubao mweupe kila rangi ya ngozi huonekana nyeusi kupita kiasi, nawe utajikuta unaongeza nyeupe bila sababu.

2. Panga mwanga. Chanzo kimoja tu. Vitabu vya Ulaya vinasifu dirisha la kaskazini kwa sababu kule jua haliingii upande huo. Huku kwetu karibu na ikweta jua huhama: Dar es Salaam, kwa mfano, sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini. Chagua dirisha lolote lisilopigwa na jua saa unazofanya kazi, au litundikie shuka jeupe. Mkalishe mtu wako mwanga umjie kutoka juu kidogo na ubavuni, ili upande mmoja wa uso uingie kivulini. Ule mwanga wa kutoka mbele moja kwa moja, kama wa flashi ya simu, hufuta pua na mashavu, na anayeanza hubaki hana cha kushika.

Ukichora kutoka kwenye picha ya simu, simama mita mbili au zaidi kutoka kwa mtu kisha vuta kwa zoom. Picha ya karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Zima kile kipengele cha kulainisha ngozi, gusa uso kwenye kioo ili kamera ipime mwanga hapo, na mwombe avae kola au kanzu nyeupe. Sababu ya nyeupe hiyo utaiona hatua ya tano.

3. Pima, kisha chora. Kichwa cha mtu mzima kina urefu wa sentimita 22 hivi. Kwenye ubao wako kifanye 18 au 19, uso ukikuzwa kupita ukubwa wake wa kweli huogofya. Weka alama ya utosi na ya kidevu kabla ya kitu kingine. Macho hukaa karibu katikati ya alama hizo mbili. Karibu wote wanaoanza huyapandisha juu, kwa sababu huwa wanasahau fuvu lililo chini ya nywele. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya kama jicho moja.

Vipimo hivi ni vya kuanzia tu. Nyuso za watu wetu zinatofautiana sana kwa upana wa pua, ujazo wa midomo na urefu wa paji, na hapo ndipo sura ya mtu ilipo. Kwa hiyo nyoosha mkono ukiwa umeshika brashi, pima upana wa pua yake kwa ncha na kidole gumba, kisha linganisha: unaingia mara ngapi kwenye upana wa uso? Pembe za mdomo zinaangukia chini ya sehemu gani ya jicho? Tumia brashi namba 2 na amba iliyozimuliwa, mistari iliyonyooka, bila kope, bila nyusi za unywele mmoja mmoja. Ukimaliza, itazame kazi kwenye kioo. Kosa ambalo jicho limelizoea huonekana papo hapo likigeuzwa.

Usivuke hatua hii kwa kujipa moyo kwamba rangi itaficha. Haifichi.

4. Jenga mwanga na giza kwa amba peke yake. Finya macho hadi vitu vidogo vipotee na yabaki mapande makubwa. Paka kivuli chote kama pande moja: tundu la jicho, ubavu wa pua, chini ya mdomo, chini ya kidevu, shingo. Kama amevaa kofia au ushungi, kivuli chake kwenye paji la uso kipakwe sasa, ni sehemu ya umbo. Kisha zungushia kidole tambara safi na ufute rangi pale mwanga unapogusa. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ilinganishe na picha ya mtu wako iliyogeuzwa vivyo hivyo. Hapo, kwa rangi moja tu, inatakiwa jirani aweze kumtambua. Kama hamtambui, rudi hatua ya tatu. Kama anamtambua, acha ikauke siku moja au mbili. Amba huwahi kukauka.

5. Changanya marundo kabla ya kushika brashi. Hapa ndipo ngozi nyeusi inapoharibiwa, na chanzo ni tabia moja: kuchukua kahawia ya tyubu, kuongeza nyeupe kwenye mwanga na nyeusi kwenye kivuli. Matokeo yake ni uso uliopauka kama wa mtu aliyeoga asijipake mafuta. Titaniamu huipoza na kuififisha kila rangi inayoingia. Tengeneza kwa kisu marundo matano, makubwa kuliko unavyodhani utahitaji:

- Giza kuu: ultramarini na amba, na alizarini kidogo. Ni la matundu ya pua, mstari kati ya midomo na kina cha nywele.
- Kivuli: siena na ultramarini, siena ikizidi.
- Ngozi yenyewe: siena na oka, na chembe ya ultramarini ya kuipooza.
- Mwanga: chukua rundo la ngozi, ongeza oka, kisha chembe ya kadmiamu, na nyeupe mwisho kabisa, kidogo.
- Mng'ao: nyeupe, ultramarini kidogo, chembe ya siena. Liweke pembeni, halitumiki mpaka hatua ya tisa.

Kwa mtu wa maji ya kunde, oka iongezeke na siena ipungue kwenye rundo la tatu na la nne. Kwa mtu mweusi sana, sogeza marundo yote kwenye ultramarini na alizarini, halafu uache nafasi kubwa kati ya mwanga na mng'ao, kwa sababu ngozi nyeusi huakisi dirisha waziwazi.

Jaribu kila rundo. Weka tone kwenye ncha ya kisu, linyanyue usawa wa macho sambamba na uso wa mtu wako, fumba jicho moja. Sasa tazama ile kola nyeupe: mwanga wa ngozi yake uko chini yake kwa mbali. Mchoraji wa Hispania Velázquez alipomchora msaidizi wake Juan de Pareja mjini Roma mwaka 1650, alimwonesha Mhispania huyo mwenye asili ya Kiafrika akiwa na kola nyeupe pana, na ngozi iliyoangazwa ikabaki na giza kuliko kola. Picha hiyo ipo Metropolitan Museum, New York, na nakala yake nzuri inapatikana bure mtandaoni. Ikuze uone jinsi sehemu kubwa ya uso ilivyo kahawia ya kati, mwanga ukiwa umewekwa mahali pachache tu. Kwangu ni somo bora kuliko video nyingi.

6. Paka mapande, usisugue. Anza na kivuli, nenda kwenye ngozi, malizia na mwanga. Tumia brashi namba 8, hata kama unatamani ndogo. Weka pande, liache, weka jingine pembeni yake. Pakikutana kivuli na mwanga, tengeneza rangi ya kati kwenye paleti uiweke hapo. Usichukue brashi kavu ukasugua mpaka vyote viwe tope. Kwenye tabaka hili mafuta ya kitani yawe machache. Kanuni ni hii: tabaka la chini konda, la juu lenye mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza na kupasuka.

Rangi ya uso si moja. Paji huelekea njano, mashavu, pua na masikio huelekea wekundu, kidevu huelekea baridi. Kwenye ngozi nyeusi tofauti hizi ni ndogo lakini zipo, na ukiziweka uso unapata damu.

7. Macho, pua, mdomo. Nyeupe ya jicho si nyeupe. Ni kijivu cha joto, na juu yake ukope wa juu hutupa kivuli. Kichore hicho, la sivyo macho yatatokeza kama yamebandikwa. Pua usiizungushie mstari. Ioneshe kwa ubavu wenye kivuli na ncha yenye mwanga. Mdomo wa juu huwa mweusi kuliko wa chini kwa sababu umeinamia mbali na mwanga, na mdomo wa chini mara nyingi una wekundu au waridi katikati: alizarini, siena na nyeupe kidogo. Kwa picha ya kwanza mtu wako afumbe mdomo. Meno ni kazi ya siku nyingine.

8. Nywele, kingo na nyuma. Nywele za kipilipili zipake kama pande moja la giza, kisha ukingo wake ulainishe kwa brashi kavu ili ziyeyukie kwenye rangi ya nyuma. Kwa nywele zilizosukwa, pande kwanza, mistari ya misuko baadaye, michache, upande wa mwanga tu. Kingo zote zikiwa kali sawa, uso utakuwa kama umekatwa kwa mkasi na kugandishwa. Acha ukali machoni na kwenye ubavu unaopokea mwanga. Upande wa kivuli achia ukingo upotee. Nyuma paka rangi iliyotulia, kijivu chenye ukijani au kahawia, isiyo na giza kama la nywele.

9. Mng'ao. Tumia brashi namba 4, rangi nzito, mguso mmoja kila mahali: paji, ncha ya pua, shavu, mdomo wa chini, na nukta ndogo kwenye kila mboni upande uleule wa dirisha. Ukigusa mara ya pili unaua. Hapa ule ubuluu utakushangaza: unapokaa juu ya kahawia ya joto, ngozi inang'aa kweli.

10. Safisha. Futa brashi kwa tambara, ioshe kwa mafuta ya kupikia (hapa yanaruhusiwa), kisha kwa sabuni ya mche na maji hadi povu liwe jeupe. Brashi iliyooshwa kwa mafuta hayo lazima ipite kwenye sabuni kabla ya kurudi kwenye rangi. White spirit chafu usiimwage kwenye sinki. Iache itulie, uchafu ukizama imimine juu kwenye chupa nyingine utumie tena.

Mambo yakienda kombo

*Uso umepauka.* Nyeupe imezidi. Ikikauka, paka juu yake utando mwembamba wa siena na mafuta ya kitani, kisha rudisha mwanga kwa oka.

*Rangi zimekuwa tope.* Umesugua sana, au brashi moja imepita kwenye kivuli na mwanga. Kwangua sehemu hiyo kwa kisu, upake upya. Kukwangua si hasara. Rangi mbaya iliyobaki ndiyo hasara.

*Haikauki.* Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kuvuta hewa. Nyeupe na alizarini huchelewa, amba huwahi. Iweke penye hewa na mwanga, mbali na vumbi. Ukiifungia kabatini mafuta yatageuka njano, na kwenye unyevu wa pwani itaota ukungu. Usiianike juani.

*Sehemu nyingine zinang'aa, nyingine zimefifia.* Tabaka la chini limenyonya mafuta. Sehemu iliyofifia ikishakauka, ipake mafuta ya kitani kidogo mno kwa kidole, kisha uyafute kabisa.

*Kila kitu kiko sawa ila si yeye.* Usiguse macho, ambako kila mtu hukimbilia. Pima upya umbali kati ya pua na mdomo wa juu, upana wa taya, na mahali kivuli cha shavu kinapoanzia. Mara nyingi kosa ni la milimita mbili au tatu kwenye mojawapo ya hizo.

*Mteja anataka vanishi leo.* Vanishi ya mwisho husubiri miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene wa rangi. Mweleze hivyo siku ya kupokea kazi. Picha ikikauka kwa kuguswa unaweza kuipaka vanishi nyepesi ya muda, aende nayo nyumbani, nanyi mpange siku ya kuirudisha ipakwe ile ya kudumu.